Sakulenti Ndogo za Aina Mbalimbali Ndani ya Nyumba: Mwongozo kwa Anayeanza

Kila mgeni anayesimama mbele ya dirisha la sebule yangu huuliza maswali yale yale: mimea hii inamwagiliwa mara ngapi kwa wiki, mbona wangu ulioza ilhali niliupa maji kidogo tu, mbona umerefuka ukawa kama mchicha uliosahaulika bustanini, na ule wenye kichwa chekundu kama mpira unapatikana wapi. Nimeyajibu kwa vipande vipande kwa muda mrefu, na hapa nimeyaweka majibu kwa mpangilio ambao anayeanza anaweza kuufuata mwanzo hadi mwisho.

Sakulenti ni mimea inayotunza maji katika majani, mashina au mizizi minene. Mshubiri, ambao wengi wanauita alovera, ni mmojawapo, na dungusi na mnyaa wa uani kwa bibi nayo imo katika kundi hilo. Mwongozo huu unahusu zile ndogo zinazokaa katika chungu chenye upana wa sentimita 7 hadi 12, za aina tofauti, zinazokuzwa dirishani. Ninaishi katika ghorofa jijini Dar es Salaam, kwa hiyo sehemu kubwa ya maelezo inatokana na joto na unyevu wa Pwani, lakini nina dada Iringa ambaye tunabadilishana vipandikizi, na pale ambapo mambo ya nyanda za juu ni tofauti nitasema wazi.

Mambo mawili ya kuyajua kwanza

La kwanza ni kwamba maelezo mengi yanayopatikana katika intaneti yameandikwa na watu wa nchi za baridi. Wanaposema uweke mmea kwenye dirisha la kusini, wanasema hivyo kwa sababu kwao jua hupita upande wa kusini. Kwetu karibu na ikweta jua hupita juu ya paa, likiegemea kaskazini ifikapo Juni na kusini ifikapo Desemba, kwa hiyo dirisha la kusini linaweza kukaa miezi kadhaa bila kuguswa na jua. Vilevile wanaposema upunguze maji wakati wa baridi, wanazungumzia majira ambayo Pwani hatunayo. Kwetu wakati wa kuzuia mkono ni masika, kuanzia Machi hadi Mei, hewa inapojaa unyevu na mawingu yanapokaa siku nzima.

La pili ni kwamba mkusanyiko wa aina mbalimbali si lazima uwe ndani ya bakuli moja. Mkusanyiko wangu wa kwanza ulikuwa bakuli la kioo nililoletewa kama zawadi, lenye mimea mitano, vijiwe vyeupe juu, na hakuna tundu hata moja chini. Echeveria, ile yenye majani yaliyojipanga kama waridi, ndiyo iliyotangulia kufa. Nilipoigusa ili niigeuze, kichwa chote kiliachana na shina kikabaki mkononi mwangu, na pale kilipokuwa kimeshikana palikuwa peusi, panateleza, pananuka kama maji ya chombo cha maua yaliyokaa wiki nzima. Ndani ya miezi mitatu ilibaki Haworthia peke yake. Kila mmea katika bakuli lile ulikuwa na kiu yake, nami nilikuwa nikiwanyweshea wote kwa kipimo cha yule mwenye kiu zaidi. Tangu hapo kila mmea wangu una chungu chake, na vyungu hukaa pamoja juu ya sinia moja. Kwa macho ni mkusanyiko mmoja, lakini kila mmoja hunywa kwa wakati wake.

Vinavyohitajika kabla ya kuanza

- Mimea mitatu hadi mitano midogo. Usianze na kumi, kwa sababu bado hujalijua dirisha lako.
- Vyungu vyenye matundu chini, ikiwezekana vya udongo wa kufinyanga, kwa kuwa hupitisha unyevu ubavuni na hukauka upesi.
- Udongo wa kitaluni, pamoja na changarawe ndogo, vipande vya matofali ya kuchoma au mchanga mnene wa mtoni.
- Chekeche ya kuondolea vumbi na mchanga laini.
- Kijiti cha mishikaki, ambacho ndicho kipimo cha maji nitakachokieleza katika hatua ya saba.
- Chupa yenye mdomo mwembamba au jagi dogo la kumwagilia.
- Brashi laini ya rangi, mkasi mkali, pamba za masikio na spiriti ya duka la dawa.
- Sinia au trei ya kupangia vyungu.

Vijiwe vya rangi, kinyunyizio cha maji na chupa ndogo za mbolea zinazouzwa pamoja na mmea havihitajiki. Kinyunyizio kinadhuru hasa, kwa sababu humpa mtu raha ya kuhudumia mmea kila siku wakati mmea wenyewe hautaki.

Hatua ya 1: Chagua mimea inayolingana na usiku wa mahali unapoishi

Watu wengi huchagua kwa kutazama jua, lakini katika Afrika Mashariki usiku ndio unaoamua zaidi. Sakulenti nyingi hufungua vinyweleo vya majani usiku ili kuvuta hewa, na mchana huvifunga ili zisipoteze maji. Usiku ukiwa wa joto na unyevu, kama ilivyo Dar es Salaam, Mombasa au Tanga, aina zilizozoea milima yenye usiku wa baridi hudhoofika hata kama mchana zinapata kila kitu.

Kwa Pwani, anza na Haworthia yenye mistari myeupe, Gasteria, Sansevieria fupi ya aina ya Hahnii inayokaa kama kikombe, Crassula ovata yenye majani ya mviringo yanayong'aa, na mshubiri mdogo kama Aloe juvenna. Hizi zinavumilia joto, na isipokuwa Crassula na mshubiri, hazidai jua la moja kwa moja. Iko pia Sansevieria ballyi, ndogo kabisa, ambayo asili yake ni kusini mwa Kenya na kaskazini mashariki mwa Tanzania, na ukiipata kwa muuzaji anayeizalisha mwenyewe usiiache.

Kwa Iringa, Mbeya, Arusha, Lushoto, Nairobi au Nakuru, mlango uko wazi zaidi. Echeveria, Graptopetalum na Sedum hustawi, na baridi ya Juni hadi Agosti huyapa majani rangi ya waridi ambayo mimi wa Pwani huiona katika picha za dada yangu tu. Nimejaribu Echeveria mara tatu, na mara zote tatu masika imenishinda.

Mimea mitatu anayeanza aiache kwanza. Lithops, inayofanana na mawe, ina majira yake ya kukataa maji kabisa, na asiyeyajua huiua kwa wema. Dungusi lenye kichwa chekundu au cha njano ni mimea miwili iliyounganishwa: kichwa hakina ukijani wa kujitengenezea chakula, kwa hiyo kinaishi kwa kulishwa na shina la chini, na kwa kawaida muungano huo huchoka baada ya miaka michache. Ya tatu ni Adenium, yaani waridi la jangwani, ambayo hutaka jua kali la nje. Utomvu wake ni sumu kweli, na Wahadzabe hutengeneza sumu ya mishale kutokana na mmea wa jamii hiyo.

Usichimbe mishubiri wala minyaa porini. Mishubiri yote isipokuwa Aloe vera, pamoja na minyaa ya jamii ya sakulenti, imo katika orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama wa porini, na kuivusha mpaka kunahitaji kibali. Hata bila sheria, mmea uliong'olewa porini ukiwa mkubwa mara nyingi haupoi ndani ya nyumba.

Hatua ya 2: Kagua kabla ya kulipa, kisha utenge

Katika vitalu vya kandokando ya barabara, inua mmea utazame chini ya majani na kwenye maungio ya shina. Ukiona vitu vyeupe kama vipande vya pamba, hao ni wadudu wadogo waitwao vidung'ata, na hupaswi kuununua hata kwa bei ya kutupa. Tikisa kidogo: mmea wenye mizizi hukataa kutikisika, na uliooza chini huyumba. Angalia pia kama vijiwe vya juu vimegandishwa kwa gundi au kama ua lililo juu ya dungusi limebandikwa. Gundi huzuia maji na hewa, na ua la kubandikwa huacha kidonda.

Ukifika nyumbani, weka mmea mpya mbali na mingine kwa wiki tatu. Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, kwa kuwa mtu akinunua kitu kizuri anataka kukiona pamoja na vingine siku hiyo hiyo. Wadudu wengi huja kwa njia hiyo.

Hatua ya 3: Pima mwanga wa dirisha lako

Saa nne asubuhi, siku isiyo na mawingu, weka karatasi nyeupe mahali unapotaka kuweka mimea, kisha inua mkono kiasi cha sentimita 30 juu yake. Kivuli chenye kingo kali kinaonyesha mwanga wa kutosha kwa Crassula, mishubiri na Echeveria. Kivuli chenye kingo zilizofifia kinafaa kwa Haworthia, Gasteria na Sansevieria. Kama huoni kivuli, mahali hapo panafaa kwa picha ya ukutani.

Dirisha la mashariki ni bora kwa anayeanza, kwa sababu jua la asubuhi hadi saa nne ni laini. Dirisha la magharibi linatumika, lakini jua la kuanzia saa nane mchana huunguza kupitia kioo, hasa Januari na Februari, kwa hiyo vuta vyungu nyuma kidogo au tumia pazia jepesi. Mahali popote palipo zaidi ya nusu mita kutoka dirishani, mwanga hupungua kuliko macho yetu yanavyotuambia.

Kuna kitu kimoja ambacho maelezo ya kigeni hayakitaji, nacho ni nyavu za mbu. Wavu wa dirishani uliojaa vumbi la miaka miwili hula mwanga mwingi, ukiongeza vioo vya giza na paa lililochomoza. Nilipofua nyavu zangu kwa sabuni, Haworthia zilizokuwa zimepauka zilirudi kukaza majani bila mimi kufanya jambo jingine lolote. Kama dirisha limekosa mwanga kabisa, taa nyeupe ya LED iliyoning'inizwa sentimita 20 hadi 30 juu ya mimea, ikiwaka kwa muda wa saa 12 kila siku, itasaidia.

Tahadhari: mmea uliokuwa kivulini usiupeleke juani kwa siku moja. Anza na saa moja ya jua la asubuhi, uongeze saa moja kila baada ya siku mbili. Jani lililoungua hubaki na doa la kahawia hadi litakapozeeka na kudondoka.

Hatua ya 4: Tayarisha vyungu

Chungu kiwe kikubwa kuliko shada la mizizi kwa upana wa kidole kimoja tu. Chungu kikubwa hubeba udongo mwingi usio na mizizi ya kuunywa, na udongo huo hukaa umelowana. Ukitumia kopo la plastiki, pasha msumari moto utoboe matundu manne au matano. Vikombe vizuri vya kauri visivyo na tundu vitumie kama vazi la nje: weka ndani yake chungu cha plastiki, ukitoe wakati wa kumwagilia, ukirudishe kikishachuruzika.

Imani ya kuweka mawe chini ya chungu ili maji yapite haina faida. Maji hayashuki kwa urahisi kutoka kwenye udongo laini kwenda kwenye mawe makubwa. Hukaa juu yake, na kwa hiyo unayasogeza karibu zaidi na mizizi. Kipande kidogo cha wavu juu ya tundu kinatosha kuzuia udongo usimwagike.

Hatua ya 5: Changanya udongo

Udongo unaouziwa mmea kitaluni mara nyingi ni mweusi, mzito, wa kuotesha maua ya kawaida. Chukua sehemu moja ya udongo huo na sehemu mbili za kitu kigumu chenye punje za ukubwa wa choroko: changarawe, tofali la kuchoma lililopondwa, au mchanga mnene wa mtoni. Wasomaji wa Kenya wana bahati ya kupata pamisi, jiwe jepesi la volkano linalochimbwa maeneo ya Longonot na Naivasha, na hilo ni bora kuliko tofali langu. Mkaa uliopondwa unaweza kuongezwa kidogo, ingawa mimi sijaona tofauti kubwa.

Pepeta kila kitu kwa chekeche. Vumbi linalobaki chini, ambalo linaonekana dogo lisilo na neno, ndilo linaloziba nafasi za hewa na kugeuza mchanganyiko kuwa saruji baada ya kumwagiliwa mara tano au sita. Mchanga wa ufukweni usiutumie hata ukiuosha, kwa sababu una chumvi na punje zake ni laini mno.

Kipimo cha mchanganyiko mzuri ni rahisi. Lowanisha kiasi cha kiganja kimoja, ukaze kama unayefinyanga tonge la ugali, kisha ufungue mkono. Likibaki tonge, ongeza changarawe. Likimeguka lenyewe mara unapofungua vidole, udongo uko tayari.

Hatua ya 6: Panda

Toa mmea katika chungu cha zamani, kung'uta udongo wake taratibu, na ukate mizizi iliyooza au iliyokauka kama uzi. Uache juu ya gazeti, kivulini, kwa siku mbili ili majeraha yafunge. Kisha ushike katikati ya chungu, ujaze mchanganyiko pembeni ukigongagonga chungu mezani ili punje zikae, na uhakikishe majani ya chini yako juu ya udongo. Tandaza changarawe nyembamba juu ili majani yasilale kwenye unyevu.

Baada ya hapo usimwagilie kwa siku tano hadi saba. Mtu aliyezoea kupanda miche ya nyanya atasikia vibaya, lakini mzizi wa sakulenti uliokatika ukikutana na maji kabla ya kupona huoza.

Hatua ya 7: Mwagilia kwa kipimo, si kwa kalenda

Swali la mara ngapi kwa wiki halina jibu, na anayekupa jibu la siku maalumu hajaliona dirisha lako. Chomeka kijiti cha mishikaki pembeni mwa chungu hadi chini, ukiache dakika tano, kisha ukitoe. Kikitoka kimebadilika rangi, kina baridi kwenye ncha ya kidole au kimeshikwa na chembe za udongo, subiri. Kikitoka kikavu kama kilivyoingia, mwagilia. Baada ya miezi miwili utaweza kutambua kwa kuinua chungu tu, kwa kuwa tofauti ya uzito kati ya kilicholowa na kilichokauka ni kubwa.

Unapomwagilia, mwagilia kweli. Mimina maji polepole juu ya udongo hadi yatoke chini, subiri robo saa, kisha umwage yaliyobaki katika kisahani. Kijiko kimoja kila siku ni kosa kubwa kuliko yote, kwa sababu hulowanisha juu tu: mizizi ya chini inakufa kwa kiu huku shingo ya mmea ikioza kwa maji. Ni kosa la watu wenye huruma, na ndiyo maana ni gumu kuacha.

Kwa dirisha langu la mashariki, lenye feni sebuleni, vyungu vya udongo vya sentimita 8 hukauka kwa siku 8 hadi 10 Januari na Februari. Masika ikishika, hufika wiki tatu au zaidi, na Sansevieria nimewahi kuiacha wiki sita bila kuona dalili yoyote ya kulalamika. Kwa dada yangu Iringa ni kinyume: yeye huzuia maji zaidi Juni na Julai, baridi inapozidi. Tarakimu hizi zichukue kama mfano, kisha uamini kijiti chako.

Maji yakikwama katikati ya mmea wenye umbo la waridi, yanyonye kwa tishu. Nyumba nyingi za Dar es Salaam hutumia maji ya kisima yenye chumvi, ambayo huacha ukoko mweupe juu ya udongo na ubavuni mwa chungu. Kinga maji ya mvua wakati wa vuli na masika, uyahifadhi kwenye madumu yaliyofunikwa. Ukikosa, kila baada ya miezi mitatu pitisha maji safi mengi katika chungu ili kusukuma chumvi nje.

Mbolea ni jambo dogo. Mbolea ya maji ya NPK, iliyopunguzwa hadi robo ya kipimo kilichoandikwa, mara mbili au tatu kwa mwaka, inatosha. Samadi usiitie katika chungu cha ndani.

Hatua ya 8: Panga mkusanyiko

Panga vyungu juu ya sinia kwa kiu, si kwa urefu. Mimi huweka Crassula na Kalanchoe upande wa kulia ulio karibu na jua, mishubiri katikati, na Haworthia, Gasteria na Sansevieria upande wa kushoto. Hivyo mkono wangu unajua unaanzia wapi, na siku ya haraka siwezi kuwanyweshea wote kwa pamoja kwa bahati mbaya. Acha nafasi ya kidole kati ya chungu na chungu ili hewa ipite. Kila wiki geuza kila chungu robo mzunguko, la sivyo mimea yote itaegemea kiooni, na kila baada ya wiki mbili pangusa vumbi kwa brashi ya rangi. Ule unga mweupe juu ya majani ya Echeveria si vumbi, ni nta ya mmea yenyewe, kwa hiyo usiusugue.

Anayetaka bakuli la pamoja kwa vyovyote vile achague wanywaji wa kipimo kimoja, kwa mfano Haworthia, Gasteria na mshubiri mdogo, na bakuli liwe na matundu.

Kama nyumbani kuna watoto wadogo au paka, weka sinia juu. Kalanchoe ni sumu kwa wanyama, na utomvu mweupe wa mimea ya jamii ya mnyaa huunguza ngozi na ni hatari sana machoni. Unapoikata vaa glavu.

Hatua ya 9: Zalisha mimea mingine

Crassula, Echeveria na Graptopetalum huzaa kwa jani. Lishike jani la chini, ulisokote kushoto na kulia hadi litoke zima, kwa sababu likikatikia katikati halitachipua. Liache kivulini siku tatu hadi tano, kisha ulilaze juu ya udongo mkavu bila kulifukia. Mizizi yenye rangi ya waridi, myembamba kama uzi wa buibui, itatoka kwanza, halafu mmea mdogo usiozidi punje ya mchele. Anza kulowanisha udongo kidogo hapo, si kabla.

Haworthia, Gasteria na mishubiri hutoa watoto pembeni. Wasubiri wafikie theluthi ya ukubwa wa mama na wawe na mizizi yao, ndipo uwatenganishe. Sansevieria huota kwa vipande vya jani, ilimradi upande wa chini ubaki chini. Ile yenye kingo za njano ukiizalisha kwa jani, watoto watatoka kijani kitupu, kwa hiyo gawanya shina lake la ardhini kama unataka rangi ibaki.

Matatizo yanayojitokeza na namna ya kuyatatua

*Majani ya chini ni laini, ya njano na kama yamejaa maji.* Maji yamezidi. Toa mmea chunguni siku hiyo hiyo, usisubiri kesho. Kata kila sehemu nyeusi kwa mkasi uliofutwa kwa spiriti hadi uone nyama safi yenye rangi moja. Kausha wiki moja, upande upya. Kama weusi umefika hadi juu, okoa majani yaliyo mazima uyazalishe.

*Majani yamenywea na kukunjamana lakini ni makavu.* Pima kwa kijiti. Udongo ukiwa mkavu, mwagilia vizuri na majani yatajaa ndani ya siku chache. Udongo ukiwa umelowa na majani bado yamekunjamana, mizizi imeoza na haiwezi kunywa. Anayeongeza maji hapa anamalizia kuua mmea, na hili ndilo kosa ninaloliona mara nyingi zaidi.

*Mmea umerefuka, majani yameachana.* Umekuwa ukitafuta mwanga. Sehemu iliyorefuka hairudi kuwa fupi. Kata kichwa kikiwa na shina la sentimita mbili chini yake, kikaushe siku nne, ukipande, na usogeze chungu karibu na dirisha. Kisiki kilichobaki usikitupe, mara nyingi huchipua vichwa viwili au vitatu.

*Vitu vyeupe kama pamba kwenye maungio.* Vidung'ata. Tenga mmea, mguse kila mdudu kwa pamba ya masikio iliyochovywa katika spiriti, rudia kila baada ya siku tano kwa mwezi mzima, maana mayai huanguliwa kwa zamu. Tazama pia kama sisimizi wanapanda sinia. Sisimizi hulamba utamu unaotoka kwa vidung'ata na huwalinda, kwa hiyo usipowaondoa hao, vidung'ata watarudi. Mafuta ya mwarobaini husaidia, lakini yatumie jioni na usiyapake kwenye Echeveria, kwa kuwa huondoa ile nta.

*Vijidudu vidogo kama inzi vinaruka juu ya udongo.* Udongo unakaa na unyevu muda mrefu. Uache ukauke kabisa na uongeze tabaka la changarawe juu.

*Haworthia haifi wala haikui, imekaa vilevile miezi sita.* Ivute taratibu kwa vidole viwili. Ikitoka yenyewe bila kushikiliwa, haina mizizi, na imekuwa ikiishi kwa akiba ya majani yake. Safisha kitako, kikaushe siku nne, uikalishe juu ya changarawe iliyolowanishwa kidogo katika kivuli chenye mwanga, na uikague tena kwa kuivuta baada ya wiki nne.